Vitabu vya picha vyenye vitu vinavyolia na kukasirika

Dada wa Kondele, umeuliza iwapo vitabu vya picha ambamo vijiko hulia na viatu hukasirika vinampotosha mwanao wa miaka minne, ambaye sasa hataki kandambili iliyokatika itupwe. Havimpotoshi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza karne iliyopita kwamba watoto wadogo huvipa vitu uhai na nia wao wenyewe, kwa hiyo kitabu kinamkuta tu pale alipo. Kandambili muiage pamoja, kisha itupeni. Faida kubwa ni kwamba mtoto anayeona haya kukiri kuwa anamwonea wivu mdogo wake atazungumza bila shida kuhusu wivu wa sufuria kuukuu iliyoletewa mwenzake mpya. Unapomsomea, usiyakimbilie maandishi; mwonyeshe nyusi na mdomo katika picha, umuulize sufuria inahisi nini na yeye amejuaje, kisha umsubiri ajibu, hata kama atajibu kwa Kijaluo. Viepuke vitabu vinavyofunga kila ukurasa kwa mahubiri (navyo, kwa maoni yangu, ni vingi mno). Kabla ya kununua, ulizia vitabu vya watoto katika maktaba ya umma mjini Kisumu.