Mleta uzi, usisaini huo mkataba wa mwanao

Usisaini. Weka kalamu chini kwanza, hayo mengine tutaongea baadaye.

Umeandika kwamba binti yako ana miaka 11, anaimba na kupiga kinanda, na meneja amekuletea mkataba wa "albamu 5". Unauliza umtafutie mwalimu gani, afanye mazoezi saa ngapi, shule ataifanyaje, na kama mkataba wenyewe ni mzuri. Nilipofika kwenye hizo "albamu 5" mwili ulinisisimka. Ndicho nilichosaini mimi kwa niaba ya mwanangu alipokuwa na miaka 12.

Nilielewa hivi: albamu moja kila mwaka, akifika 17 yuko huru. Meneja alinihesabia kwa vidole. Karatasi ilisema kingine kabisa. Muda haukuhesabiwa kwa miaka, ulihesabiwa kwa albamu "zilizokabidhiwa na kukubaliwa". Rudia hapo kwenye kukubaliwa. Lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kutoa muziki, ikikataa albamu, haihesabiki. Lebo isipompangia studio, hakuna albamu. Na zisipotimia 5, mtoto haruhusiwi kurekodi kwingine kokote, hata kumwitikia rafiki yake kwenye wimbo.

Albamu ya kwanza ilitoka, ikapokelewa vizuri. Kisha akabalehe. Wazazi wa wavulana mnalijua hili: zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, sauti inashuka, na kwa miezi kadhaa akijaribu kupanda juu inakatika. Si ugonjwa. Ni kusubiri tu, aimbe taratibu sauti za katikati, asijilazimishe. Mwalimu wake alituambia hivyohivyo. Lebo wao wakasema "tunasimamisha mkataba hadi sauti itulie", na mimi nikawashukuru, nikidhani wanamhurumia mtoto. Kumbe kinachosimama ni hesabu ya muda. Kifungo kinaendelea.

Sauti ilitulia akiwa na miaka 15. Nzito, tamu, ya kwake mwenyewe. Lebo hawakuitaka, wao walikuwa wamenunua sauti ya mtoto. Hawakumrekodi na hawakumwachia. Alikaa hivyo mpaka miaka 21, baada ya kubadilisha mawakili wawili. Miaka 6! Huo ndio umri ambao wenzake walikuwa wanatoa nyimbo mbovu, wanazomewa, wanarekebisha, wanajua jukwaa lilivyo. Yeye alikuwa chumbani na gita lake, nami namsikia kupitia ukutani. Sasa ana 25 na ndiyo kwanza anatoa albamu ya pili.

Hela nazo zilipotea, ila sizililii kama ile miaka. Adivansi, zile pesa za mwanzo walizotupa, niliiona zawadi, kumbe ni deni: hiyo pamoja na studio, video, nguo, usafiri, vyote vilikatwa kwenye mirabaha yake, yaani mgawo wake wa mauzo ya muziki, kabla hajashika senti.

Huyo meneja aliniambia "huu ni mkataba wa kawaida, wote wanasaini". Nilipoomba niupeleke kwa wakili akanuna, akasema kuna watoto wengine kwenye foleni na kesho nafasi itakuwa imekwenda. Nilikuja kujua baadaye kwamba lebo ilikuwa inamlipa kwa kila mtoto anayemleta. Mtu anayekula asilimia 20 ya jasho la mtoto, halafu anamharakisha mzazi wake! Hasira haijaniisha mpaka leo. Na nyie mliomwambia hapo juu "saini tu, kipaji kitajisemea", tuambieni nyie mlisaini nini.

Mmoja wenu amemtaja Stevie Wonder, mwanamuziki wa Marekani, kama mfano wa mtoto aliyesainiwa mapema akafanikiwa. Sawa, tumalizie habari yake. Lebo ya Motown walimsaini mwaka 1961 akiwa na miaka 11, na mwaka 1963 wimbo wake ukashika namba 1 Marekani. Lakini mwaka 1971, alipofikisha miaka 21, mkataba wa utotoni uliisha. Uliisha! Akarudi mezani mtu mzima, akadai uhuru wa kutengeneza muziki anavyotaka na sehemu yake kwenye haki za utunzi, akapata. Tuzo ya muziki ya Grammy ya albamu ya mwaka aliichukua mara 3, mwaka 1974, 1975 na 1977, zote baada ya hapo.

Kwa hiyo dai tarehe. Siku, mwezi na mwaka. Siku hiyo mkataba ufe hata kama hakuna albamu hata moja iliyotoka, na lebo wasiwe na haki ya kuurefusha kwa hiari yao peke yao. Wakigoma, ondoka. Kama binti anatunga mwenyewe, haki za utunzi zibaki zake. Hizo ni tofauti na haki za rekodi, yaani masta, na wajanja huzichanganya kwenye kifungu kimoja. Usijifariji kwamba akikua ataukana mkataba kwa kuwa alikuwa mtoto. Nchi nyingi zinampa nafasi hiyo, lakini saini yako au idhini ya mahakama inaweza kuiziba. Na wakili awe unayemlipa wewe, si waliyekuletea wao.

Mambo ya mwalimu na saa za mazoezi wengine watakujibu. Wewe leo hii fungua ukurasa wenye kifungu cha muda, angalia kama wameandika tarehe au idadi ya albamu, kisha tuwekee hapa sentensi yenyewe neno kwa neno. Nasubiri.