Moyo wa baba ukisimamishwa, utapiga tena?

Pole sana dada. Baba ana kisukari, moyo unasukuma damu kwa asilimia 30 tu, na unaogopa ukisimamishwa kwenye upasuaji wa mishipa ya moyo hautaamka. Nimehudumu miaka mingi chumba cha upasuaji wa moyo, hofu hiyo naijua. Moyo hulazwa kwa dawa yenye potasiamu, mara nyingi ndani ya damu baridi, na huongezwa kila dakika 15 hadi 20 hivi. Unauona unalegea, unatulia; mashine inasukuma damu.

Muulizeni daktari bingwa: mishipa ikiwa imeziba sana, dawa hiyo ya kulaza moyo itapitishiwa pia upande wa vena, yaani mishipa inayorudisha damu? Atahitaji puto linalowekwa ndani ya mshipa mkuu kusaidia moyo?

Dawa za kuzuia damu kuganda asiziache mwenyewe. Kifua kikimbana akiwa amepumzika, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.