Re: Mtoto anasema "keli", na sisi tumeiga. Tumemharibu?

Dada, umeuliza kama mmemharibu mwanao wa miaka miwili na nusu kwa kuwa nyumba nzima sasa mnaita baiskeli "keli" kama yeye. Hamjamharibu hata kidogo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana watoto wengi hushika mkia wa neno na kuacha kichwa: keli, dazi, pati. Herufi r nayo huchelewa. Wapo wanaoipata wakiwa na miaka minne, mitano, hata zaidi.

Kwetu tikiti maji ni "titimaji" hadi leo, na aliyelianzisha ana ndevu. Bibi yake huagiza hivyo hivyo gengeni, muuzaji naye keshazoea: "Mama, matitimaji ya leo matamu!" Nalipenda mno neno hilo. Mwenyewe anatamka tikiti bila shida yoyote. Hata Malkia Elizabeth II wa Uingereza alijiita Lilibet utotoni kwa kushindwa jina lake, familia ikalishika, na kitukuu wake aliyezaliwa 2021 akapewa jina hilo.

Akisema "Nataka keli," usimkaripie wala usimlazimishe kurudia. Mjibu tu, "Haya, tukachukue baiskeli yako," asikie neno zima. Ila msimcheke mbele ya wageni, tafadhali. Wapo watoto wanaonyamaza kabisa kwa aibu.

Kama bado haungi maneno mawili, au haitiki akiitwa kwa nyuma, mpeleke kliniki mapema apimwe masikio.