Kura zipo, uhuru unapungua: maswali yenu kuhusu demokrasia

Tulizoea kusikia demokrasia ikipinduliwa na wanajeshi. Mbona wewe kila siku unaandika habari za sheria na mahakama?

Wanajeshi bado wanapindua. Tuliona Mali mwaka 2020 na Niger mwaka 2023. Lakini mapinduzi ya bunduki kila mtu anayajua siku yalipotokea. Yale ya muhuri na sahihi ndiyo yanayotupita. Ujerumani, Hitler aliteuliwa kansela, yaani mkuu wa serikali, Januari 30, 1933 kwa taratibu za katiba. Jengo la bunge lilipoungua mwezi uliofuata, kesho yake ikatolewa amri ya kusimamisha haki za raia. Machi 23 wabunge 444 wakaipa serikali yake uwezo wa kutunga sheria bila bunge. Waliokataa ni 94, wote wa SPD, chama cha kisoshalisti. Wakomunisti walikuwa wamekamatwa au kukimbia. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba zaidi ya 100 kati ya hao 444 hawakuwa wa chama cha Hitler. Walimpa madaraka hayo kwa mkono wao.

Dalili ya kwanza ni ipi?

Mtazame anayeteua majaji. Hungaria, mwaka 2010, chama cha Fidesz, cha Viktor Orbán, kilipata kura kama asilimia 53 lakini kikapata theluthi mbili ya viti, idadi inayotosha kubadili katiba. Majaji wa Mahakama ya Katiba wakaongezwa kutoka 11 hadi 15. Umri wa kustaafu wa majaji ukashushwa kutoka miaka 70 hadi 62, nafasi zikawa wazi kwa wingi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipoamua mwaka 2012 kwamba hatua hiyo ni kinyume cha sheria, nafasi nyingi zilikuwa zimeshajazwa. Venezuela ilitangulia: mwaka 2004 majaji wa Mahakama ya Juu waliongezwa kutoka 20 hadi 32.

Kama wananchi wengi wanampenda kiongozi, kosa liko wapi?

Swali hili nalichukua kwa uzito, maana wanaomshangilia mara nyingi wana sababu. Watu wa El Salvador waliishi miaka mingi chini ya magenge ya wauaji, na chini ya Rais Nayib Bukele mauaji yamepungua sana. Hilo ni kweli, wala si dogo. Lakini Mei 1, 2021, siku ya kwanza ya bunge jipya lenye wingi wa chama chake, wabunge waliwaondoa majaji wote watano wa kitengo cha katiba pamoja na mwanasheria mkuu. Miezi minne baadaye majaji wapya wakasema rais anaweza kugombea tena mfululizo, ingawa katiba ilikataza. Mwaka 2024 akashinda kwa zaidi ya asilimia 80, na Julai 2025 bunge likafuta kabisa ukomo wa mihula. Wakati huohuo maelfu kwa maelfu wamewekwa ndani chini ya hali ya hatari, na mama anayesema mwanawe hana hatia hana jaji huru wa kumpelekea kesi. Wengi wana haki ya kumchagua wamtakaye. Wana haki pia ya kumchoka, na hiyo ndiyo wanayonyang'anywa huku wakipiga makofi.

Nchi ikishaanza kuteleza, inarudi?

Inaweza, hasa watu wa chama cha mkubwa wenyewe wakikataa. Zambia, mwaka 2001, Rais Frederick Chiluba alipotaka muhula wa tatu, makanisa na wanasheria walimpinga, na mawaziri wake pia. Akaacha. Korea Kusini, usiku wa Desemba 3, 2024, rais alitangaza utawala wa kijeshi. Wabunge wengine waliruka ukuta kuingia bungeni, na kura 190 kwa sifuri zikataka tangazo lifutwe. Kumi na nane kati ya hao walikuwa wa chama chake.

Mimi ni raia wa kawaida. Nifanye nini?

Muswada ukiletwa, usiangalie kwanza nani kauleta. Jiulize kama ungekubali mamlaka hayo yawe mikononi mwa mwanasiasa unayemwogopa kuliko wote. Ukiona hapana, mwambie mbunge wako kabla ya kura kupigwa, na umwambie kwa sauti kubwa zaidi kama ni wa chama chako.