Eti umeme wa jua utashushwa kutoka angani?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi fundi sola huku Mbagala, kuna mteja kakataa paneli anasema hawezi kutoa hela yake wakati Wazungu wako mbioni kushusha umeme kutoka angani ambako jua halizami. Ni kweli? Na huo umeme ukishuka hautaunguza watu?

JIBU: Fundi wangu, mteja hajadanganywa, ila kakimbilia mbali mno. Hilo wazo alilitoa Peter Glaser wa Marekani mwaka 1968: unaweka paneli kwenye setilaiti kilomita kama 36,000 juu, huko jua linawaka karibu muda wote, umeme unageuzwa kuwa mawimbi ya maikrowevu yanarushwa chini, antena inayadaka na kuyarudisha kuwa umeme. Na kurusha kunawezekana kabisa, mwaka 1975 kule Goldstone, California, walirusha zaidi ya kilowati 30 hewani umbali wa kilomita moja na nusu hivi na taa zikawaka. 2023 chuo cha Caltech wakarusha kutoka kwenye chombo kilichoko angani, yakafika duniani mawimbi hafifu sana ya kupimika tu.

Kinachokwamisha ni ukubwa. Mawimbi yakisafiri yanatanuka kama mwanga wa tochi, kwa hiyo hata ukiweka juu antena ya kurushia yenye upana wa kilomita moja, huku chini unataka ya kupokelea ya kama kilomita 10, yaani ni kama toka Posta mpaka Mwenge huko pote pametandazwa wavu wa antena na daiodi, yaani vile vipande vinavyogeuza mawimbi kuwa umeme. Na huwezi kuanza kidogo kidogo kama wewe unavyomfungia mtu paneli moja leo akaongeza nyingine mwakani, hapa ni yote au basi.

Kuunguza, hapana. Kwenye michoro ya Marekani ya miaka ya 70 katikati ya wavu panafika wati 230 kwa mita ya mraba, wakati jua letu la saa sita mchana ni kama 1,000. Ila mwongozo wa kimataifa kwa raia ni wati 10 tu kwa mita ya mraba kwa mawimbi hayo, kwa hiyo lazima pazungushiwe uzio, sio pa kukatiza.

Halafu bei sasa. NASA walipiga hesabu wakatoa ripoti 2024, umeme huo unaweza kuwa ghali mara 12 hadi 80 kuliko sola na upepo wa hapa hapa chini, na hapo wanazungumzia mwaka 2050. Muuzie paneli zake, na umshauri asibane hela kwenye betri, maana usiku ndo hasa jua la angani linalizidi la kwako kwelikweli.