Mtumishi Unayetumwa Mwanza kwa Basi, Jiandae Hivi

Vijana wanaotumwa na makanisa yetu ya magharibi mwa Kenya kwenda kutumika upande wa Mwanza huniuliza mara kwa mara kama wapande ndege au basi. Huwaambia wapande basi, kwa kuwa watu watakaowahudumia husafiri kwa basi, na safari ya kutoka mpakani Sirari hadi Mwanza, kwa yule anayesikiliza, inatosha kumwonyesha jinsi watu hao wanavyoishi na wanavyosaidiana.

Nianze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano na barua ya kanisa linalokupokea vikae mwilini mwako, katika mkoba mdogo usiouvua hata unapolala, wala visiwekwe kwenye begi linaloingia buti. Anayekwenda kuhubiri au kufundisha huko kwa muda mrefu anahitaji kibali cha ukaazi Daraja C, ambacho ndicho hutolewa kwa wamisionari, na mwenyeji wako aanze kukishughulikia mapema. Usimwambie afisa wa uhamiaji kwamba unakwenda kusalimia ndugu ilhali begi limejaa vitabu vya mafundisho. Mtu aliyetumwa kuhubiri kweli hawezi kuanza kazi kwa uongo dirishani.

Mpakani abiria hushuka na kupanga foleni, na basi husogea mbele likawasubiri. Kabla ya kushuka, andika namba ya basi na uitazame vizuri sura ya kondakta, kwani mabasi hufika kwa pamoja na rangi zake hufanana. Fedha ubadilishe dukani, si kwa vijana wanaokufuata na mafungu ya noti mkononi.

Kisha jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote: jitambulishe kwa majirani zako wa kiti mapema, kabla hujawahitaji. Katika safari moja nilikaa na mama mtu mzima aliyepandia Sirari, akiwa na mjukuu mwenye homa. Nilimsaidia kumshika mtoto alipokuwa akimnywesha dawa, naye akanieleza habari za Tarime, daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, na bei ya dagaa Musoma. Tulipoipita Bunda, jua likiwa linazama, springi ya nyuma ilikatika kwa kishindo na basi likasimama kandokando ya barabara.

Eneo lile si la kuchezea. Hifadhi ya Serengeti inasogea hadi karibu na barabara, na lango lake la Ndabaka liko hapo hapo kandoni, kwa hiyo utingo aliwakataza waliotaka kuchimba dawa, yaani kujisaidia, wasiingie vichakani. Tulikaa gizani kwa saa nyingi. Basi la kampuni nyingine lilipokuja kutufaulisha, yaani kutuhamishia humo, kondakta wake aliikataa tiketi yangu iliyokatwa Kenya, akadai nauli upya huku begi langu likiwa bado chini. Yule mama alifungua kona ya kitenge chake alimofunga tiketi yake, akaiinua kwenye mwanga wa tochi, akasema, “Mwanangu, huyu mchungaji ni wa kwetu, tumetoka naye Sirari. Nauli yake kondakta wetu huyo hapo anayo, muulize.” Mzee mmoja wa Kisukuma akaongeza sauti yake, kondakta wetu akaitwa, nami nikapanda. Tiketi peke yake isingenipandisha usiku ule.

Kwa hiyo tiketi itunze hadi ushuke, na mnapofaulishwa, usipande kabla hujaliona begi lako likiingizwa buti kwa macho yako. Lakini pia usianze kwa kusimama kati ya viti na kuhubiri kwa sauti. Ndani ya basi wamo Waislamu, wamo Wakristo wa madhehebu mengine, wamo waliofiwa na wanaokwenda mazikoni, na wote wamelipa nauli. Msaidie mtu mzigo, gawa maji yako, na atakayetaka kujua habari zako atakuuliza mwenyewe.

Njia hii hupita Magu, wilaya yenye Kageye, mahali walipofika Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, mwishoni mwa 1878 baada ya kutembea kwa miezi kutoka Bagamoyo. Padri Lourdel na Bruda Amans walivuka Ziwa Victoria kutoka pale kwa mtumbwi, wakafika Buganda, katika Uganda ya leo, Februari 1879. Nao walikuwa wageni, na wasingefika popote bila watu wa mwambao walioyajua maji yale.

Mwisho ni saa ya kufika. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwenye makazi ni 50, na ukaguzi ni mwingi njiani, kwa hiyo usimpe mwenyeji saa uliyoambiwa ofisini kwa wakata tiketi. Mtumie namba ya basi, na mkifaulishwa umtumie mpya, kisha umpigie mnapofika Kisesa, karibu na kuingia Mwanza, ili akukute stendi mtakayoshukia. Asipokuwepo, na ni usiku wa manane, mwombe kondakta ukae ndani ya basi au ukae penye taa na abiria wengine hadi kupambazuke, ndipo utafute bajaji.