Bima imekataa kulipa kope zangu: maswali yenu ya bili za hospitali Marekani

SWALI: Shikamoo dada. Niko Columbus, Ohio. Kope zangu zote mbili za juu zilianza kuwasha, zikavimba zikawa zinabanduka magamba, nikaenda kwa daktari wa macho akasema ni ekzema, akanipa dawa nikarudi nyumbani. Sasa nimeletewa bili, bima haijalipa hata senti. Nikipiga bima wananambia namba ya ugonjwa haijakamilika, nikipiga kliniki wananambia ongea na bima. Nilipe tu yaishe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usilipe kwanza, ila usiifungie kwenye droo pia, maana ikikaa sana inapelekwa kwa wakusanya madeni na hao hawataki kusikia habari za kope. Piga kliniki, omba mtu wa bili (siyo binti wa mapokezi, yeye kazi yake ni kupanga miadi tu), mwambie akusomee namba ya ugonjwa iliyoandikwa kwenye klemu (lile ombi la malipo walilotuma bima), herufi kwa herufi.

Nadhani utasikia H01.13 halafu kimya, na tatizo ndo liko hapo. Marekani tangu tarehe 1 Oktoba 2015 wanatumia ICD-10-CM, yaani orodha yao ya namba za magonjwa, na kwenye hiyo ekzema ya kope ni lazima iseme ni jicho lipi na kope ipi, kwa hiyo H01.13 peke yake ni nusu sentensi, kompyuta ya bima inaitema kabla binadamu hajaiona. Kope ya juu kulia ni H01.131, ya juu kushoto ni H01.134. Wewe zote mbili za juu zinauma, basi ziandikwe zote mbili, maana hapa hakuna namba moja ya "pande zote". Watu wengi wa bili wanadhani ipo kwa sababu kuna magonjwa mengine ya macho yenye namba ya pande zote, wanaitafuta wee wakichoka wanaweka H01.139, yaani jicho halijulikani kope haijulikani. Hiyo ni namba halali ila bima nyingi zinaikunjia uso, na wana haki, daktari alikuwa anakuangalia usoni, atakosaje kujua ni jicho lipi?

Wakishapata namba sahihi watume klemu ya kusahihisha, kwenye CMS-1500, ile fomu ya kudai malipo, kisanduku cha 22 wanaweka 7, maana yake hii inachukua nafasi ya ile ya kwanza. Wakituma upya kama klemu mpya inaweza kurudi imekataliwa kwa sababu "imejirudia" na mtaanza moja. Na uwaulize pia wameituma bima gani! Kama una bima ya miwani na bima ya matibabu, ekzema ni ugonjwa, inakwenda ile ya matibabu hata kama aliyekutibu ni daktari wa macho. Hii nayo inawatesa wengi.

Kama bado wanakataa una haki ya rufaa, kwa bima nyingi za binafsi ni siku 180 tangu upate barua ya kukataliwa. Na kitu kimoja naomba usikifanye, usimwambie daktari abadilishe ugonjwa uwe ule unaolipwa. Namba inafuata kilichoandikwa kwenye faili. Daktari akiwa kweli alisahau kuandika upande anaweza kuongeza maelezo kwa tarehe ya leo na sahihi yake, hiyo ni halali kabisa. Kutunga ugonjwa ni wizi wa bima, na akikamatwa yeye na wewe hutabaki salama.

SWALI: Habari dada, mimi nasomea kazi ya kuandika hizi namba, niko Minneapolis. Nachanganya H01.11 na H01.13, na zile E1 mpaka E4 ndo zimenivuruga kabisa.

JIBU: Karibu kwenye kazi ya kuumiza macho. H01.11 ni pale daktari ameandika mzio, tuseme dada kabandika kucha za jeli, mkono umegusa uso, kope zikalipuka vidole viko salama salimini (inatokea sana, kope ina ngozi nyembamba mno). H01.13 ni ekzema. Wewe huamui ipi ni ipi, daktari anaandika wewe unafuata, na kama ameandika tu "kope zinawasha" basi mrudishie swali usibuni.

E1 mpaka E4 siyo ugonjwa, ni alama unayobandika kwenye kazi iliyofanyika, mfano kukata kinyama kwenye kope. Mtego wake ni kwamba zinaanzia kushoto: E1 juu kushoto, E2 chini kushoto, E3 juu kulia, E4 chini kulia. Namba za ugonjwa zinaanzia kulia, 131 juu kulia, 132 chini kulia, halafu 134 na 135 ndo kushoto kwa mpangilio huohuo. Ukiwa na haraka utaandika ugonjwa wa kulia kwa upasuaji wa kushoto, na hiyo klemu hairudi na salamu.

SWALI: Dada mambo. Famasi wamegoma kunipa takrolimasi, dawa ya ekzema ya kupaka kope, wanasema bima inataka kibali. Halafu ripoti niliyokuja nayo toka Dar imeandikwa H01.1 tu, hapa wananiangalia kama nimeghushi.

JIBU: Poa kaka. Hujaghushi kitu, ripoti yako imefuata ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, na kwenye hiyo H01.1 ndo mwisho wa safari, haiulizi kulia wala kushoto. Marekani ndo wameiongezea tarakimu. Mpe daktari wako wa hapa hiyo ripoti aisome, halafu aandike ya kwake.

Kuhusu dawa, takrolimasi ya kupaka iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 kwa ajili ya ekzema ya atopi (ile sugu ambayo mara nyingi huanza utotoni), kwa hiyo bima ikiona namba ya kope peke yake inaweza kuuliza hii ya nini. Kama una ekzema ya atopi mwilini na daktari ameiandika kwenye faili, aweke na namba yake, ya kundi la L20, pembeni ya ile ya kope. Kwenye ombi la kibali aeleze pia umeshatumia steroidi gani na kwa nini hataki uendelee nayo, kwamba steroidi karibu na jicho muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Sababu ya hivyo bima huwa wanaielewa. Mwambie aitume mwenyewe kutoka ofisini kwake.